Sahani za santuri kwenda kwenye kompyuta: mashine ya sanduku, mashine ya USB, seti ya vipande au fundi?

Anza na sahani zenyewe, si na duka la mashine. Zitoe zote, zipange mafungu matatu, kisha uhesabu kila fungu. La kwanza ni sahani za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika: nzito, ngumu, aghalabu za inchi 10, zimetengenezwa kwa shelaki na zikianguka zinavunjika kama kigae. La pili ni sahani ndogo za 45, inchi 7, za vinili. La tatu ni LP, inchi 12, zinazokwenda mizunguko 33⅓ kwa dakika. Hesabu hiyo itakuongoza kuliko bei na kuliko jina la kampuni.

Mafungu hayo yana historia yake kwetu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya sahani ya HMV, na taarab ya enzi hiyo imo kwenye sahani za 78. Lebo ya Ngoma ya Léopoldville (Kinshasa ya leo), iliyozaliwa mwaka 1948, nayo ilianza na 78. Dansi, benga na rumba zilizotolewa Nairobi kuanzia miaka ya 1960 zimejaa kwenye sahani za 45, na mara nyingi wimbo mmoja umekatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Nyingi ya nyimbo hizo hazikutolewa tena kwa namna nyingine. Nakala iliyo kabatini kwa bibi huenda ikawa miongoni mwa chache zilizosalia, na kila inapochezwa kwa sindano mbovu inapoteza kitu ambacho hakirudi.

Sababu ni mfuo, ule mtaro mwembamba ambamo sindano hupita. Mfuo wa 78 ni mpana na unahitaji ncha ya takriban mikroni 75. Mfuo wa 45 na LP unahitaji ncha ya mikroni 18 hadi 25. Ukiweka ncha nyembamba kwenye 78, inazama hadi chini ya mfuo na kukwangua uchafu wa miaka sabini. Unachosikia ni mvumo na mikwaruzo kuliko mwimbaji. Ukiweka ncha nene kwenye 45, inakaa juu na kusaga kingo. Na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ile ya sindano ya chuma, isiguse vinili hata mara moja: mchezo mmoja tu unatosha kuharibu sahani.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano yale yale.

Kwanza ni usalama wa sahani: sindano inakandamiza kwa gramu ngapi, na je, uzito huo unarekebishika? Kwa vinili, gramu 2 ni salama, 3 inavumilika, na 5 au 6 ni nyingi mno.

Pili ni ubora wa faili. Hupimwa kwa biti (kina cha kila kipimo cha sauti) na kHz (maelfu ya vipimo kwa sekunde). Rekodi ya biti 16 na kHz 44.1, kipimo cha CD, huchukua takriban MB 635 kwa saa. Ya biti 24 na kHz 96 huchukua kama GB 2 kwa saa. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, katika mwongozo wake wa TC-04 inataka nakala ya kuhifadhi isipungue biti 24 na kHz 48. MP3 ni ya kusikilizia kwenye simu na kutumiana WhatsApp. Nakala mama iwe WAV au FLAC, faili zisizopunguza sauti.

Tatu ni uwezo wa 78, kwa maana ya mwendo na sindano pia. Nne ni muda na kazi. Tano ni gharama, pamoja na sindano za kubadilisha, kwa sababu sindano huisha kama tairi.

Njia ya kwanza: mashine ya sanduku

Ni ile inayofungwa kama sutikesi ndogo, ina spika ndani, na baadhi ina tundu la flashi: unabonyeza kitufe na inarekodi bila kompyuta.

*Usalama wa sahani.* Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa. Nyingi hutumia katriji (kipande kinachoshika sindano na kugeuza mtetemo kuwa umeme) ya seramiki inayokandamiza kwa gramu 5 au 6, na mkono unaoibeba hauna uzani wa nyuma wa kurekebisha. Spika ziko kwenye boksi moja na sindano, hivyo ukiongeza sauti boksi linatetemeka, sindano inaruka na kupiga palepale. Kwa sahani ya sokoni yenye nakala nyingi si hoja. Kwa sahani adimu, usithubutu.

*Ubora wa faili.* Zinazorekodi kwenye flashi kwa kawaida hutoa MP3 tu. Mwendo nao mara nyingi si sahihi. Sahani ikienda kasi kidogo, sauti ya mwimbaji inapanda na kuwa nyembamba.

*Sahani za 78.* Kitufe cha 78 kipo kwenye nyingi, lakini sindano kwa kawaida ni ya vinili. Usikisikilize kitufe, iangalie sindano.

*Muda na kazi.* Hakuna njia rahisi kuliko hii. Unaitoa kwenye kasha, unachomeka, inalia.

*Gharama.* Nyingi huuzwa chini ya dola 100.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujua kilichomo kwenye sahani za kawaida, au kumsikilizisha mzee nyimbo za ujana wake jioni moja. Raha hiyo ni ya kweli na haihitaji mitambo. Ila ukishajua lipi ni la thamani, litoe kwenye mashine hiyo.

Njia ya pili: mashine ya santuri yenye USB

Hii ni mashine kamili yenye priampu (kikuza umeme mdogo wa katriji) na kadi ya sauti (inayogeuza sauti kuwa faili la kompyuta) ndani yake. Waya mmoja unaingia kwenye kompyuta, unafungua programu ya bure kama Audacity, unachagua mashine hiyo kama chanzo cha sauti, unarekodi. Mifano miwili ya Audio-Technica inaonyesha tofauti iliyopo ndani ya kundi hili.

*Usalama wa sahani.* AT-LP60XUSB inajiendesha yenyewe: unabonyeza, mkono unakwenda na kurudi. Uzito wa sindano umewekwa kiwandani na haubadilishwi, lakini ni nusu tu ya ule wa mashine ya sanduku. AT-LP120XUSB ina uzani wa nyuma unaozungushwa, na katriji yake ya AT-VM95E hufanya kazi kwa gramu 2. Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia sindano. Namba zilizoandikwa kwenye uzani huweza kupotoka.

*Ubora wa faili.* Kupitia USB zote mbili hutoa biti 16, kHz 44.1 au 48. Kwa kusikiliza nyumbani panatosha kabisa. Ugumu ni kwamba biti 16 hazina nafasi kubwa ya makosa: ukirekodi chini mno, baadaye unapandisha sauti pamoja na mvumo wake. LP120X ina swichi ya kuzima priampu ya ndani, kwa hiyo siku ukitaka biti 24 huitupi mashine, unaihamishia njia ya tatu.

*Sahani za 78.* LP60X haina mwendo wa 78. LP120X inao, na kichwa cha mkono wake, kinachobeba katriji, kinafunguka kwa kuzungusha. Nunua kichwa cha pili, ufungie katriji ya 78 kama AT-VM95SP, nawe utabadilisha kwa dakika moja. Usisahau uzito: katriji hiyo inataka takriban gramu 5, na kwa shelaki uzito huo ni sawa. Ukirudi kwenye vinili ukasahau kurudisha gramu 2, madhara ni yale yale ya mashine ya sanduku. Bandika kikaratasi ukutani.

*Muda na kazi.* Kufunga mashine ni saa moja. Kinachokula muda ni kurekodi, kwa sababu sahani haiharakishwi: LP ya dakika 40 inarekodiwa dakika 40. Ongeza kusafisha, kukata nyimbo na kuandika majina, ufike saa moja na nusu kwa LP. LP 100 ni saa 150. Sahani ya 45 huchukua kama dakika 20 jumla, na nusu ya muda huo ni wa kusafisha na kuandika.

*Gharama.* Kati ya dola 200 na 400 kabla ya usafiri na ushuru. Pale unapoishi, uliza kwanza sindano ya kubadilisha inapatikana kwa siku ngapi. Sindano ya bei nafuu ihesabie saa 300 hadi 500.

*Inamfaa nani.* Mwenye LP na 45 kati ya 30 na mia chache, anayetaka kufanya mwenyewe bila kujifunza umeme wa sauti.

Njia ya tatu: seti ya vipande

Hapa unaunganisha vitu vitatu: mashine ya santuri nzuri, priampu ya foni, na kadi ya sauti ya USB.

Priampu ya foni ndiyo inayowatatiza wengi, basi tuifafanue. Katriji hutoa umeme mdogo sana, milivolti 3 hadi 5. Zaidi ya hapo, wakati wa kukata sahani, yaani kuchonga mfuo, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, ili mfuo usiwe mpana na mvumo usisikike. Mpangilio huo unaitwa RIAA. Priampu inafanya kinyume: inarudisha besi, inashusha sauti za juu, na kukuza umeme mara mia hivi. Ukiisikia sauti nyembamba, dhaifu, kama redio ndogo ndani ya kopo, priampu haipo au imezimwa. Ukisikia besi nzito na sauti iliyopasuka, priampu ziko mbili: ya mashine imewashwa na bado umepitia nyingine. Na tundu la maikrofoni la kompyuta si mahali pa kuchomeka santuri.

*Usalama wa sahani.* Juu kabisa, ukijua kurekebisha. Uzito, usawa wa mkono na pembe ya katriji ni juu yako, na vikikosewa hakuna wa kukuonya isipokuwa masikio: herufi "s" ikikwaruza kuelekea mwisho wa upande, angalia pembe ya katriji na vumbi kwenye ncha.

*Ubora wa faili.* Kadi kama Focusrite Scarlett 2i2 inarekodi biti 24 na kHz 96 bila taabu, lakini haina priampu ya foni, lazima uiongeze. Behringer UFO202 ni ndogo, ya bei nafuu, ina priampu ya foni na skrubu ya waya wa ethi (waya wa ardhi wa kuzuia mngurumo); ila inaishia biti 16 na kHz 48. Kwa mwenye mashine nzuri ya zamani isiyo na USB, kadi hiyo ndogo ni daraja zuri la kuanzia.

*Sahani za 78.* Njia hii ina nafasi kubwa kuliko zote za nyumbani, kwa kuwa unachagua katriji utakayo. Hata mashine isiyo na mwendo wa 78 inaweza kusaidia: weka sindano ya 78, cheza kwa 45, kisha kwenye Audacity tumia kifaa cha kubadili mwendo, ukichagua kutoka 45 kwenda 78. Sahani yenye ufa huvuka kwa urahisi zaidi ikienda taratibu hivyo. Ubaya wake ni kwamba marekebisho ya RIAA yanaangukia mahali pasipo pake, hivyo besi na sauti za juu zitahitaji kusawazishwa tena. Hata kwa mwendo sahihi, sahani za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 hazikufuata RIAA. Kila kampuni ilikuwa na mpangilio wake. Tunza faili ghafi kabla hujagusa chochote.

*Muda na kazi.* Kurekodi ni sawa na njia ya pili. Kuandaa ni wiki kadhaa za kujifunza. Mngurumo wa chini usiokoma ndio adui wa kwanza: funga waya mwembamba wa ethi wa mashine kwenye skrubu ya priampu, weka priampu mbali na transfoma za umeme, na jaribu kuchomoa chaja ya kompyuta. Mngurumo ukitoweka kompyuta inapotumia betri, umempata mkosaji. Betri pia inakuokoa umeme ukikatika katikati ya upande, japo mashine yenyewe itasimama. Rekodi kila upande kama faili lake.

*Gharama.* Inategemea kabisa unachokuta. Mashine za mitumba za miaka ya 1970 na 1980 ni imara kuliko nyingi za leo, lakini tahadhari na zilizotoka Marekani. Huko umeme ni volti 120 na hezi 60. Afrika Mashariki na Oman ni hezi 50. Transfoma inashusha volti, haibadilishi hezi. Mashine ambayo mota yake hufuata hezi za umeme itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji wa kike atasikika kama mwanaume mchovu. Zenye mota ya DC au zinazoongozwa na kristali ya kwatsi hazina tatizo hilo, ila volti lazima zilingane.

Kuna na zile za Garrard na BSR zilizokuwa ndani ya makabati ya redio sebuleni. Baadhi yake zina kisindano cha kugeuza, upande mmoja LP, mwingine 78. Zinapendeza na zinafaa kufufuliwa kwa kusikiliza 78, lakini kwa vinili adimu mkono wake ni mzito.

*Inamfaa nani.* Mwenye mkusanyiko mkubwa au mchanganyiko, mwenye subira, na anayetaka faili za kudumu kwa kizazi kijacho.

Njia ya nne: kumpa fundi au studio

*Usalama wa sahani.* Mikononi mwa anayejua, ni salama kuliko mikono yako. Hatari iko njiani. Sahani husafiri zimesimama wima, kila moja na mfuko wake, zimebanwa zisicheze, kamwe zisilazwe moja juu ya nyingine. Na zisiachwe garini juani: vinili huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na sahani iliyopinda haifai kwa fundi yeyote.

*Ubora wa faili.* Uliza maswali kabla ya kutoa sahani. Utanirekodia biti ngapi? Utanipa faili ghafi pamoja na iliyosafishwa? Sahani za 78 unazichezea kwa sindano ipi? Unaosha sahani kwanza? Fundi anayejibu "sindano yangu inacheza zote" mshukuru na uchukue sahani zako. Mpe sahani moja ya majaribio, usikilize kwa spika nzuri ndipo umpe nyingine.

*Sahani za 78.* Mwenye vifaa ana ncha kadhaa za unene tofauti, na anachagua ile inayogusa sehemu ya mfuo ambayo haijalika. Hilo nyumbani ni gumu kulifanya.

*Muda na kazi.* Kwako ni kidogo: orodha, picha za lebo, na kufungasha.

*Gharama.* Hutozwa kwa sahani au kwa upande. Kwa sahani kumi ni nafuu kuliko kununua mashine. Kwa mia tatu, mashine imeshajilipa.

*Inamfaa nani.* Mwenye sahani chache za thamani, hasa 78, au zenye nyufa na ukungu.

Yanayohusu njia zote

Usafi kwanza. Vinili: maji yasiyo na madini, matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato kwa lita, kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko wa mfuo, suuza, simamisha ikauke. Lebo isilowe. Ukinunua "maji ya betri", hakikisha ni ya kuongezea na si tindikali. Shelaki usiiguse kwa spiriti wala alkoholi yoyote, inayeyuka. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uikaushe mara moja. Sahani za pwani zenye ukungu zifanyie kazi nje, ukiwa na barakoa.

Kiwango cha sauti: cheza kipande chenye kelele zaidi, acha vilele vifike kati ya -12 na -6 desibeli. Vikigonga 0 sauti imepasuka na hakuna programu ya kuiunganisha.

Karibu 78 zote na 45 nyingi za zamani ni mono. Zirekodi stirio, kisha kwenye nakala ya kusikiliza unganisha njia mbili ziwe moja; sehemu kubwa ya mtatariko itapungua bila kumgusa mwimbaji. Kiondoa mikwaruzo kitumike kidogo kidogo. Kikizidi, kinakula marimba, ncha za gita na makofi ya taarab.

Wimbo uliokatwa sehemu mbili, ziunganishe kwenye nakala ya kusikiliza, lakini faili za upande A na B zibaki zilivyo. Piga picha lebo zote mbili na uandike namba iliyochorwa kwenye eneo tupu karibu na lebo. Majina yaandike kama yalivyochapwa, hata kama tahajia ina makosa, na usahihishaji uweke pembeni. Tunza nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Kuzipandisha mtandaoni ni jambo la haki za watunzi na wanamuziki, na linahitaji idhini yao au ya warithi wao.

Kwa hali yako

Una LP na 45 hamsini hivi, zote za kawaida, na kompyuta ipo: mashine ya USB, hata ile ndogo inayojiendesha.

Una 78 zisizozidi kumi za taarab au za Ngoma, na hakuna nyingine: fundi. Usinunue mashine kwa ajili ya sahani kumi.

Mafungu yote matatu yamejaa na una miezi mbele yako: LP120X au mashine nzuri ya mtumba, vichwa viwili vya sindano, na kadi ya biti 24. Anza na sahani usizozijali sana mpaka mkono uzoee, kisha ndipo uguse za thamani.

Una mashine ya sanduku tayari na huna uwezo wa nyingine mwaka huu: itumie kutambua na kuorodhesha. Cheza mara moja kila sahani inayoonekana ya kawaida, andika, ibane wima mahali pakavu pasipo na jua. Zile utakazoona ni adimu zisubiri mashine nzuri.

Uko ughaibuni na sahani ziko nyumbani kwa wazee: usiziombe zije kwenye begi la ndege. Mwombe mtu wa nyumbani apige picha lebo zote, chagua kwenye picha hizo sahani ishirini za kuanzia, kisha safari yako ijayo ubebe kadi ya sauti na sindano mpya. Vitu hivyo viwili vinaingia kwenye mfuko wa koti.